Halali na Twayyib katika Sahani ya Kijana

Kijana wa Kiislamu wa mwambao, awe yupo Mombasa au Unguja, au awe amekwenda kusoma London, akiingia katika mkahawa asioujua huuliza kwanza nyama imechinjwa na nani. Akijibiwa kwamba mchinjaji ni Mwislamu, au akionyeshwa kibandiko chenye neno la halali ukutani, moyo wake hutulia, akavuta kiti, akaagiza kuku wa kukaanga, sahani ya chipsi na soda ya nusu lita, akala akashiba, kisha akaongeza. Sina nia ya kumkejeli kwa swali lake, maana ni swali lililolindwa na wazee wetu kizazi baada ya kizazi, hata katika miji ambayo walikuwa wachache na wageni. Lakini jambo lililonishughulisha kwa muda mrefu ni kuwa uangalifu huo wote, ambao ungemfanya auhame mkahawa mzima kwa shaka ya kisu kimoja, huishia pale pale mlangoni, na kuanzia hapo mpaka anaponawa mikono hana swali jingine la dini analouliza juu ya kile anachokitia tumboni. Maswali yapo, na ni mengi. Ila hakufunzwa kuyauliza.

Kurani inapowaita watu wale, imeliunganisha neno halali na neno la pili. Katika Suratul Baqara, aya ya 168, wito unaelekezwa kwa wanadamu wote, wala si kwa waumini peke yao, kwamba wale katika vilivyomo ardhini vilivyo halali na vilivyo twayyib. Na maneno hayo mawili yamefuatana tena katika Suratul Maida, aya ya 88, na katika Suratun Nahl, aya ya 114. Halali ni hukumu: kitu kimeruhusiwa au hakikuruhusiwa, na hapo mazungumzo hukoma. Twayyib ni sifa, na sifa ina daraja, kwa kuwa ndani yake mna usafi, uzuri, ladha na manufaa. Wako wafasiri walioona kuwa neno hili la pili lilitajwa kulitilia nguvu la kwanza tu. Lakini Ibn Kathir, yule mfasiri wa Damascus aliyefariki mwaka 1373, alipoifikia aya ile ya Baqara alilieleza kuwa ni kile kinachopendeza katika dhati yake, kisichodhuru mwili wala akili. Mtu huyu hakujua kalori wala kolesteroli, na juu ya hayo aliuona mwili ndani ya aya, ambao sisi tulio na zahanati kila mtaa tumekuwa wavivu wa kuuona.

Vilivyoharimishwa, tukivihesabu, ni vichache: mzoga, damu, nyama ya nguruwe, kilichochinjwa kwa jina lisilokuwa la Mwenyezi Mungu, na vile vilivyofafanuliwa pamoja navyo katika aya ya 3 ya Suratul Maida, kisha ulevi katika aya ya 90 ya sura hiyo hiyo. Baina ya madhehebu zipo tofauti, na mwambao wetu unazifahamu vizuri. Mshafii hula pweza na ngisi bila ya wasiwasi wowote, ilhali jirani yake wa madhehebu ya Hanafi, ambaye babu zake walitoka Bara Hindi, hutosheka na samaki na kumwacha pweza baharini. Yote hayo ni mlango mdogo. Mlango mkubwa, ambao ndani yake mna wali, maharage, sukari, mafuta, chumvi, unga wa ngano, nazi na kila kinachonunuliwa dukani kwa mizani, ni wa mubaha, na katika mlango huo sheria haisimami na fimbo: imemwachia mtu akili yake, adabu yake na kadiri yake. Kwa hiyo dini iliyoharimisha machache imedai mengi kutoka kwa mlaji katika yale iliyoyaruhusu, na hapo ndipo mafundisho yetu kwa vijana yalipopwaya.

Neno israfu, kwa mfano, tumelizoea katika fedha. Mtu akinunua gari la fahari au akifanya harusi ya siku saba tutamwambia anafanya israfu. Lakini aya ya 31 ya Suratul Aaraf, inayokataza jambo hilo, imelikataza baada ya kuamrisha kula na kunywa. Israfu ya tumbo ndiyo iliyotajwa hapo, na ndiyo tunayoisamehe kuliko zote. Vivyo hivyo ile hadithi ya Miqdam bin Maadikarib, iliyopokewa na Tirmidhi, kuhusu theluthi tatu za tumbo, moja ya chakula, moja ya kinywaji na moja ya pumzi, imekuwa ni hadithi ya kusemwa karamuni huku masinia ya biriani yakisubiri waadhi umalizike. Tena husomwa nusu. Mwanzo wa hadithi hiyo unasema kwamba mwanadamu zinamtosha tonge chache za kumsimamisha mgongo. Theluthi zilikuja baadaye, kwa yule ambaye hana budi kuzidisha. Yaani hiyo theluthi tunayoiona kuwa ni zuhudi ya mawalii ilikuwa ndiyo ruhusa ya mwisho.

Natazama basi sahani ya kijana wa leo. Asubuhi ni chai ya sukari nyingi na mandazi mawili au chapati, aghalabu akiwa njiani. Adhuhuri, akiwa nyumbani, ni wali mweupe uliojaa sahani na mchuzi uliopita kando yake, na akiwa shuleni au chuo kikuu ni chipsi, au chipsi mayai akiwa na fedha. Alasiri ni urojo, bajia, viazi karai au mihogo ya kukaanga, vikitoka katika karai ambalo mafuta yake yameshatumika mara nyingi hata yamegeuka rangi ya kahawa. Na usiku mlo wa adhuhuri hurudi. Katikati ya milo hiyo soda hupita, au juisi ya pakiti, na siku hizi kinywaji cha kuongeza nguvu, ambacho kopo lake la mililita 250 kwa kawaida huwa na miligramu 80 za kafeini, mfano wa kikombe cha kahawa, anachokunywa mtoto wa miaka 14 ambaye mama yake angepiga kelele kama angemwona barazani na wazee akinywa kahawa chungu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kuwa sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile iliyomo katika asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote anayoipata mtu kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa anayehitaji kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50 za sukari. Sasa soda ya kawaida ya nusu lita ina sukari takriban hiyo hiyo gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai. Basi kijana yule wa mkahawani, aliyeuliza juu ya kisu, amemaliza haki yake ya siku nzima kwa chupa moja, na bado chai ya jioni inamngoja. Chumvi shirika hilo limeipa mpaka wa gramu 5 kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja cha chai, na matunda na mboga limetaka zisipungue gramu 400. Sijui katika nyumba zetu ni sahani ngapi zinazofika nusu ya kipimo hiki cha mwisho, maana kwetu mboga ni kitu cha kusindikizia wali, na tunda ni la mgonjwa au la mgeni.

Hapa mtu atasema kuwa wazee wetu walikula vizuri, na kwamba vijana wameiacha njia. Maneno haya yana kweli na yana udanganyifu. Ni kweli kwamba mhogo wa kuchemsha, mtama, uwele, mbaazi za nazi, kunde, kisamvu, matembele, dagaa na kibua vilikuwa chakula cha kila siku mashambani, na ni kweli kwamba vingi katika hivyo vingemfurahisha tabibu yeyote wa leo. Lakini wazee hawakuvichagua kwa kujali siha. Walivila kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo, na jaha yao waliiweka katika mchele. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942 na mchele wake ukakatika, watu wa Unguja walirudi kwenye mhogo na mahindi kwa huzuni, si kwa shukrani. Fauka ya hayo, aliyekula mhogo alikuwa amekwenda kwa miguu yake kuuchimba. Kijana wa leo amerithi tamaa ya babu yake ya wali mweupe na sukari, akaipata kwa wepesi ambao babu hakuuota, naye anakaa kitako siku nzima. Wala bei haimsaidii: kwa fedha za mwanafunzi, sahani ya chipsi hujaza tumbo kwa nafuu kuliko samaki na mboga, na katika visiwa vyenyewe samaki walio bora hufikia hoteli za watalii kabla ya kufika sokoni kwa mnunuzi wa kawaida. Nasaha yoyote isiyoutaja mfuko wa kijana ni porojo.

Kama nikilazimishwa kutaja mahali ambapo neno la pili la aya limepotea kwa uwazi zaidi, nitataja mahali ambapo hapana kijana aliyepatengeneza: nyumba zetu katika mwezi wa Ramadhani. Anas bin Malik amesimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifuturu kwa tende mbichi kabla ya kusali; asipozipata, kwa tende kavu; asipopata hizo, kwa mafunda ya maji. Mapokezi haya kila mtoto wa chuoni anayajua. Kisha mtoto huyo hurudi nyumbani akaikuta tende, naam, mbili au tatu katika kisahani, na nyuma yake msafara: uji wa pilipili manga, kaimati zilizozama katika shira, sambusa, katlesi, tambi za sukari, visheti, mkate wa mayai, futari ya mhogo au mashelisheli iliyopikwa kwa tui zito, mchuzi wa nyama, na majagi ya juisi ya ukwaju, ya embe na ya pasheni ambayo kila moja limetiwa sukari kwa kikombe. Baada ya tarawehe huliwa tena, na daku, ambayo Mtume aliisifu kuwa ina baraka na ambayo ingeweza kuwa mlo wa busara kuliko yote ya siku, huwa ni kiporo cha biriani kinacholiwa kwa macho yaliyofumba nusu, au huachwa kabisa kwa kuwa tumbo halina nafasi. Kabla hata mwezi haujaandama, mazungumzo ya mji huwa ni bei ya sukari na iwapo meli imefika. Mwezi wa kupunguza umekuwa ndio mwezi ambao biashara ya vyakula huingojea kwa hamu.

Nasema haya bila ya kuwalaumu wapishi, ambao wengi wao ni wasichana wa umri ule ule tunaouzungumzia, wanaosimama mbele ya karai tangu alasiri hali wamefunga, ili kaka zao waje wakae. Desturi ndiyo inayowatumikisha. Jirani akileta sahani ya kaimati, haifai sahani yake irudi tupu. Mgeni akija kufuturu, wingi wa vyombo ndio kipimo cha mapenzi. Ukarimu ni katika dini, na hapana anayetaka uondoke mwambao. Lakini sioni kwa nini ukarimu usiweze kupakuliwa katika papai lililokatwa, madafu, kunde za nazi nyepesi na samaki wa kuchoma, ambavyo vyote ni vya kwetu na hakuna mgeni atakayevikataa. Tende tatu zina sukari nazo, ila zimekuja na nyuzinyuzi zake na huliwa kwa kutafunwa; jagi la juisi halitafunwi.

Iko hatari nyingine, ya upande wa pili, ambayo wahubiri wenye hamasa huiangukia. Wakishasikia habari za kisukari na shinikizo la damu, huipanda ile kanuni kuu ya kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana, hadithi ya 32 katika Arbaini ya Imamu Nawawi, wakatoka nayo na fatwa kuwa soda ni haramu, chipsi ni haramu, na mwuza urojo anakula chumo baya. Huku ni kuiharibu kanuni. Kitu ambacho madhara yake yamo katika wingi wake hakihukumiwi kama kitu ambacho tonge yake moja ni sumu, na kijana anayeambiwa kila kitamu ni haramu atafanya moja katika mawili: ataishi katika dhiki, au atalizoea neno haramu mpaka lisimtishe tena hata linapotajwa kwa ulevi. Ubaya wa wingi una jina lake katika Kurani, nalo ni israfu. Hatuna haja ya kuazima jina jingine.

Na mkabala na wahubiri hao wako wauzaji wa kile kiitwacho tiba ya Mtume, ambao kwao habbasoda, asali na siki ni dawa ya kila maradhi na badala ya kila hospitali. Vitu hivi ni vizuri, na siki imesifiwa kuwa kitoweo chema katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Muslim. Lakini Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya karne ya 14, alikwisha kueleza kuwa mengi ya utabibu yaliyonukuliwa hivyo ni katika ada za Waarabu wa zama zile, na kwamba Mtume alitumwa kufundisha sheria, hakutumwa kufundisha uganga. Si kila mwanachuoni aliyekubaliana naye. Hata hivyo kijana anayekunywa soda mbili kwa siku kisha akalamba asali ili ajikinge na kisukari, huyo ameongeza sukari juu ya sukari kwa jina la Sunna.

Tusidhani pia kuwa tatizo ni shibe tu. Wako wasichana wanaojinyima kwa kutazama picha katika simu, wakashinda na chai ya rangi na biskuti, ilhali umri wao unahitaji madini ya chuma kwa wingi, na chai yenyewe ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kuyapokea madini hayo yaliyomo katika mchicha na kunde. Wako wavulana wa mazoezi wanaonunua unga wa kujaza misuli kwa fedha ambazo zingewapatia mayai, dagaa na maharage ya mwezi. Kwa hawa nawakumbusha Abdallah bin Amr, aliyekuwa kijana mwenye nguvu, akawa anafunga kila siku na kusimama kila usiku, mpaka habari zake zikamfikia Mtume, akamwita na kumweleza kuwa mwili wake una haki juu yake. Abdallah aliomba aachiwe azidishe, akapunguziwa kwa shida. Na uzeeni, nguvu zilipomwishia, alitamani lau angaliikubali ile rukhsa ya mwanzo.

Serikali nazo zina mkono wake. Saudi Arabia mwezi wa Juni mwaka 2017 ilitoza ushuru wa asilimia 50 juu ya soda na asilimia 100 juu ya vinywaji vya kuongeza nguvu. Falme za Kiarabu zikafuata mwezi wa Oktoba, na Omani, ambako wapo jamaa zetu wengi wanaozungumza Kiswahili majumbani mwao, ikaanza mwezi wa Juni mwaka 2019. Nchi hizo zilifanya hivyo kwa haja ya mapato na kwa hofu ya kisukari pamoja, wala sioni aibu katika kuyachanganya hayo mawili. Kwetu ushuru wa namna hiyo ungepaswa kuangaliwa kwa uangalifu, maana maskini ndiye atakayeulipa, na hauna maana yoyote ikiwa maji safi ya kunywa yanabaki kuuzwa kwa chupa karibu na bei ya soda.

Lakini kabla ya serikali lipo geti la madrasa. Ndani ya darasa mtoto anahifadhi katika Arbaini hadithi ya 6, kwamba halali i wazi na haramu i wazi na baina yake mna yenye shubha, na hadithi ya 10, kwamba Mwenyezi Mungu ni mwema wala hapokei ila kilicho chema, na neno lililotumika humo ni hilo hilo twayyib. Kengele ikilia, anatoka nje akanunua barafu ya rangi nyekundu katika mfuko, mabuyu yaliyotiwa rangi hiyo hiyo na pakiti ya bisi za chumvi, na mwalimu aliyemsomesha hadithi anasimama nyuma yake katika foleni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipoanzisha gazeti lake la Sahifa Mombasa mwaka 1930, alikusudia kuitoa dini katika vitabu na kuitia katika mambo ya kila siku ya watu wake. Kikapu cha geti la madrasa ni katika mambo hayo. Mwuzaji ni mama wa mtaani mwenye watoto wa kulisha, na hafukuzwi. Huzungumzwa naye, akaambiwa alete ndizi, machungwa yaliyomenywa, karanga, mahindi ya kuchemsha, na madrasa ikanunua kwake.

Umar bin Abi Salama, mtoto wa Ummu Salama, alilelewa nyumbani kwa Mtume. Alikuwa kijana mdogo, na siku moja alikuwa akila naye sahani moja, mkono wake ukizunguka huku na huku kuchagua. Mtume hakumwondoa wala hakumtolea waadhi mrefu. Alimwita kijana, akamwambia ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Wakaendelea kula. Umar mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, alisimulia kuwa tangu siku ile hivyo ndivyo alivyokuwa akila.